Baba, Mama Amelizima Ghala Salama

Baba, mwakeye, salamu yetu ileile ya Kiha.

Ulitufundisha darasani kwamba aya ya kwanza ya barua ni ya kujuliana hali. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza wewe hali nikuulizeje. Basi nianze na za huku. Mama mzima. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishatembea mpaka bombani na kurudi yanamwachia. Mimi bado nafundisha Kibondo, baiolojia, na sasa niko nyumbani Kasulu kwa likizo. Maharage yamekubali mwaka huu, tena yale ya njano. Barabara ya Kibondo ni ileile. Ukishuka kwenye basi hata kope zina vumbi jekundu.

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukulaze pale juu kwenye mikaratusi, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na kosa, na sikutaka kukuanzia na kosa. Sasa kosa limepata mwisho wake, na mwisho wenyewe umetuchekesha mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo naweza kukaa nikueleze yote kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukinikatiza: "Anza mwanzo, Skola. Usinianzie katikati."

Mwanzo ni Ghala.

Ulilileta mwaka ule wilaya ilipogawanywa na Manyovu ikaenda Buhigwe. Ulikuwa na miezi michache tu tangu ustaafu ualimu, na Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba sasa mume wake atapumzika na kuchunga mbuzi. Ukashuka kwenye gari la mizigo umekumbatia kompyuta ya mezani, iliyokwishatumika na watu wengine, umeiviringisha kwenye blanketi letu la wageni. Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hiyo ni televisheni nyingine?"

"Hapana. Ni ghala."

"Ghala la nini?"

"La sauti."

Tangu siku hiyo likaitwa Ghala. Uliliweka kona ya sebule juu ya ile meza ya chuma, mchwa wasilifikie, ukaliunganisha na televisheni na spika mbili, ukaanza kuhamisha kanda zako. Kanda za miaka thelathini, Baba. Kwaya, harusi, sherehe za kuwaaga darasa la saba. Na zaidi ya zote, kanda za akina mama wa Kitanga, ulizozirekodi ukiwa mwalimu kijana kule, wakiimba wanapolima, wakiimba wanapomtoa bibi harusi, wakiimba mtoto alale. Kila kanda ilipaswa kupigwa mwanzo hadi mwisho ndipo ihamie. Ulikaa kwenye stuli yako na pamba na spiriti, unafuta kichwa cha redio, unasikiliza. Hizo za Kitanga zilikuwa zimeota ukungu, zikapigwa mara hiyo moja tu na utepe ukakatika. Ulikuwa unainua kile kipande cha utepe, unakitazama, unasema, "Imekufa mikononi mwangu, lakini imeshasema."

Halafu watu wakaanza kuja. Aliyekuwa na simu alikuja na memori kadi yake, nawe ukamwekea anachotaka. Ndipo tukagombana, mimi na wewe, na nakumbuka kila neno nililosema. Nilisema umekaa miaka thelathini ukikusanya, sasa unagawa kama mtu anayemwaga maji. Nilisema huwajui hata majina. Ukaendelea kuandika jina la wimbo kwa kidole kimoja, polepole, kisha ukasema bila kunitazama, "Mbegu ya maharage ukiiweka nyumba moja, fukusi akiingia umekwisha. Mama yako anaweka nyumba tatu. Muulize." Nilikasirika, nikatoka nje.

Na ile tabia yako ya kulizima. Umeme wetu huu wa jenereta la mji unajua ulivyo, unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ndiyo maana ukitoka, hata kwa siku moja ya kwenda Kabanga, Ghala huliachi linawaka. Na hulizimi kwa kung'oa waya. Ulikuwa unatuambia kwamba ndani mle muda wote kuna mtu anaandika, na ukimkatiza ghafla neno linabaki nusu, na kesho yake hata yeye mwenyewe hawezi kulisoma. Unamwambia kwanza. Unamsubiri amalize. Taa ya kijani ikizimika ndipo unazima ukutani, ndipo unang'oa plagi, na waya wa antena pia, kwa ajili ya radi.

Siku ile tunakwenda harusini Kibondo, basi lilisimama mbele ya nyumba likipiga honi, abiria wote wametukodolea macho, na wewe umekaa kwenye stuli na suti yako unasubiri taa ya kijani. Konda akamuuliza Mama, "Mzee anafanya nini huko ndani?" Mama akajibu kwa sauti ya kusikika siti ya nyuma, "Anamuaga mke mwenza." Basi zima likacheka mpaka Heru Juu. Ulipanda ukakuta watu wanakutazama, hukujua kwa nini. Tulikuja kukuambia baada ya wiki.

Halafu ukaugua. Halafu...

Hapo niruke, Baba. Wewe unapajua zaidi yangu.

Baada ya mazishi Mama hakutaka nyumba iwe kimya. Aliniomba niliache Ghala liwe linaimba kwaya kwa sauti ndogo kutwa nzima, akipika, akichambua maharage. Januari shule zikafunguliwa. Mimi nilitakiwa Kibondo, na Mama tulikubaliana aende Kabanga kwa mama mdogo akapumzike wiki moja. Asubuhi hiyo nilifunga madirisha, nikafunga mlango wa jiko, nikasimama sebuleni na begi mkononi. Ghala lilikuwa linawaka. Na mimi nikaliacha.

Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama, akirudi akute nyumba inaimba. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa kwenye stuli yako. Ilikuwa bado na lile tambara lako ulilokuwa ukilikalia. Nikafunga mlango, nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba kila safari ya barabara ile.

Siku tatu baadaye mvua za radi zikaanza. Mzee Hemedi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara mwenye duka la vitenge, alituambia umeme siku ile ulikatika na kurudi mara nyingi kuliko watu wanavyopiga chafya. Lile boksi la betri la kulishikilia Ghala umeme ukikatika, lile mafundi wanaloliita yupiesi, kumbe lilikuwa limeshachoka na hakuna aliyejua isipokuwa wewe. Mama aliporudi alikuta nyumba kimya. Umeme uliporudi, Ghala likawa linatoa sauti ya tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa debe tupu.

Nikaja mwisho wa wiki. Tukamwita fundi Zabroni, yule kijana mrefu anayetengeneza kompyuta nyuma ya stendi. Alifungua, akaweka sikio, akaunganisha kwenye kompyuta yake, akakaa nalo saa nzima. Kisha akanawa mikono kabla ya kuongea, nikajua.

"Mwalimu," aliniambia, "zipo diski mbili humu. Moja imepona yote. Hii ya pili haina kitu tena."

Iliyopona ilikuwa ya filamu. Yaani Baba, wale wapiganaji wote wa karate uliowawekea vijana wa jirani walipona bila hata mchubuko, na akina mama wa Kitanga wakapotea.

Nilikaa chini pale sakafuni. Zabroni akawa anakusanya bisibisi zake kwa adabu, kama mtu aliyeko msibani. Mama hakulia. Alinitazama tu, akaniambia, "Simama, uende ukawaambie watu." Nikamuuliza niwaambie nini. "Uwaambie ukweli. Walikuwa wanakuja humu kila siku, siyo? Wana haki ya kujua kimetokea nini."

Basi nikavuka barabara kwenda kwa Mzee Hemedi. Unamjua, hata akiwa na wateja kumi lazima akukaribishe kiti na kahawa kwanza. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudia. Alisikiliza huku anakunja kitenge. Nilipofika kwenye nyimbo za Kitanga simu yake ikaita mfukoni. Akina mama wa Kitanga wakaanza kuimba. Ule wa kumtoa bibi harusi, wenye vigelegele mwanzoni.

Hakuipokea. Aliitoa mfukoni akaiweka juu ya meza ya kupimia vitambaa, tukaitazama wote wawili mpaka aliyepiga akachoka.

"Mwanangu," akasema, "baba yako aliniwekea huu na nyingine nyingi. Mwenyewe nilimwomba moja tu. Akaniambia, chukua zote Hemedi, hazina uzito."

Sikumbuki kama niliaga. Nakumbuka nilivuka barabara nakimbia na simu ya watu mkononi, na pikipiki ikanikosakosa, na Mama akatoka jikoni akidhani kuna kilichoungua.

Kuanzia hapo kazi haikuwa yangu tena, ilikuwa ya mji. Mzee Hemedi alichukua kopo la majani ya chai, akaliweka dukani kwenye meza ya kupimia, na kila aliyeingia kununua kitenge aliulizwa kama aliwahi kupewa wimbo na Mwalimu. Kadi zikaanza kuja, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chenye jina. Ilikuja ya dereva wa lori anayepakia Manyovu. Alisema nyimbo hizo ndizo zinazomuweka macho kwenye kona za milimani. Ilikuja ya muuguzi mmoja wa Kabanga. Mwanamke wa Kikongo anayeshona kule kambi ya wakimbizi alimtuma mtu na kadi yake na ujumbe kwamba, "Papa yako alinipatiaka hii bure, na mimi narudisha bure." Zabroni alinunua diski mpya, akawa anaziingiza jioni baada ya kazi zake. Nyimbo nyingine zilirudi zimekatwa mkia, nyingine zimerudi mara saba kutoka kwa watu saba. Kila Ijumaa Mama alinipigia Kibondo kunisomea majina ya zilizofika, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu.

Nilikugombeza kwa kugawa. Naomba unisamehe kwa hilo, na sitarudia.

Halafu kuna kadi ya yule mwanafunzi wako wa zamani, anayekaanga chipsi sokoni. Ilikuwa na wimbo mmoja tu. Zabroni alipoubonyeza, kabla ya wimbo kuanza, tukasikia, "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili." Ilikuwa sauti yako. Unajaribu kinasa sauti. Hukuukata mwanzo ule, sijui ulisahau. Halafu unasema, "Mama Skola, punguza moto, maharage yataungua." Na kutoka mbali, jikoni, sauti ya Mama inajibu: "Yameshaungua."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Alicheka, Baba. Alicheka ameshika mlango, machozi yanamtoka, akawa anamwambia Zabroni, "Na yaliungua kweli. Na aliyala. Aliyala yote." Tukamwomba Zabroni aturudishie mwanzo. Aliturudishia mpaka akasema betri ya simu yake inaisha.

Kufikia Desemba nyimbo zote za Kitanga zilikuwa zimerudi ndani ya Ghala, isipokuwa mmoja. Huo nitaufikia.

Sasa nikasema, kosa nimelifanya mara moja, inatosha. Mimi niko Kibondo, Mama yuko hapa, mvua ni zilezile na umeme ni uleule. Zabroni akaweka betri mpya kwenye lile boksi. Akakirekebisha kitufe cha mbele ili mtu asihangaike na maandishi. Ukikibonyeza mara moja tu, Ghala linaanza kujizima lenyewe kwa utaratibu. Mimi nikaandika karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani. Mama akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mimi na mke mwenza hatusalimiani," akasema. "Aliwasha baba yako, atazima Zabroni." Nikabembeleza. Akaenda kulisha mbuzi.

Zabroni naye mwaka huu akapata kazi Kigoma mjini.

Ikawa mwezi wa tatu, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Niko ofisi ya walimu na kikombe cha chai, simu ikaita. Mama hapigi asubuhi, unajua anavyotunza salio.

"Skola, taa zinapanda na kushuka. Friji la Mzee Hemedi limetoa moshi sasa hivi. Na wingu limesimama hapa juu, jeusi, na lile boksi linalia."

"Linaliaje?"

"Kama kifaranga aliyeachwa na mama yake."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Mama, kaa kwenye stuli."

"Stuli ya baba yako?"

"Hiyohiyo."

Nikasikia miguu ya stuli inaburuzwa kwenye sakafu, na pumzi yake anapokaa. Baba, niliusikia ule mlio wa stuli nikiwa Kibondo, nikalazimika kutazama dirishani ili walimu wenzangu wasinione.

"Nimekaa," akasema.

"Mbele yako kuna kitufe cha mviringo, kikubwa. Kibonyeze mara moja halafu uachie. Usikishikilie, Mama. Ukikishikilia unamkaba."

"Kama kupiga hodi."

"Ndiyo, kama kupiga hodi."

"Nimepiga."

"Televisheni inasema nini?"

"Imeandika Kizungu."

"Nisomee herufi."

Akanisomea kama walivyomfundisha kwenye elimu ya watu wazima, moja moja, kwa sauti ya darasani. "Se. He. U. Te. Te nyingine."

"Basi, ndiyo yenyewe. Ameanza kumaliza kazi zake. Sasa usiguse kitu chochote. Subiri mpaka ile taa ya—"

Mtandao ukakatika.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena, nikatoka nje nikapanda kwenye kile kichuguu cha nyuma ya maabara tunakopatia mtandao, nikapiga. Hapatikani. Kengele ikagongwa. Nikaingia kidato cha pili kufundisha mzunguko wa damu, na nikawa nawaza: hajui asubiri nini. Akiona inachelewa atang'oa waya, kwa sababu wingu liko juu ya nyumba na yeye ni mtu wa kuogopa radi. Na neno litabaki nusu, mara ya pili, na safari hii sina uso wa kwenda kuomba kadi za watu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, moyo umeuchora na vyumba vitano." Nikafuta kimoja. Nilifuta kisichotakiwa kufutwa.

Saa nane mchana ndipo simu ikapokelewa.

"Nilikuwa nakula," Mama akasema.

"Mama, Ghala?"

"Ghala limefanya nini?"

"Ulisubiri taa?"

"Taa gani? Macho yangu na vitaa vidogo hayaelewani. Ulisema usiguse, lakini ningejuaje amemaliza? Nikaweka kiganja juu yake. Alikuwa anatetemeka, kama mbuzi anayekaribia kuzaa. Nikakaa naye. Ikapungua, ikapungua, akatulia kabisa. Nikahesabu ishirini, maana hata chungu kikiepuliwa hukishiki papo hapo. Ndipo nikazima ukutani, nikang'oa plagi, nikang'oa na ule waya wa antena. Nikamfunika kanga. Halafu nikapika."

Yeye akaendelea, kama anayesimulia habari ndogo ya sokoni, kwamba alipokuwa anasonga ugali radi ilipiga nguzo ya pale kona, na redio za majirani watatu zimeungua, na mtoto wa jirani alilia mpaka akapewa muwa.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Nilifika nikaona kanga imefunikwa vizuri, ile yake ya kutokea, siyo ya jikoni. Nikaunganisha nyaya, nikaliwasha. Mama alisimama kando amekunja mikono. Nikafungua orodha, nikashuka nayo polepole, wimbo mmoja baada ya mwingine. Nikabonyeza wa kwanza, wa katikati, wa mwisho.

"Zipo?" akauliza.

"Zipo zote."

"Basi uwe unaniita fundi."

Na fundi amekuwa kweli. Akienda Kabanga analizima mwenyewe, kwa kiganja, na karatasi yangu ameibandua ukutani kwa sababu anasema inaharibu rangi. Mimi nikitaka kuligusa ananiuliza kama nimenawa mikono. Jirani akinunua televisheni mpya, Mama huenda kumweleza habari za radi na plagi, na husikilizwa. Lile neno la mke mwenza halitumii tena. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia Mzee Hemedi, "Huyu wa kwangu hapendi kuharakishwa."

Sasa ule wimbo mmoja uliobaki. Ni ule wa kupura maharage, ambao wanaimba upande huu na upande ule wanajibu. Hakuna kadi iliyorudi nao. Mwezi uliopita Mama alituma salamu Kitanga, na wakaja watu wawili kati ya wale uliowarekodi, wazee sasa, wameshikana mikono kushuka kwenye gari. Mmoja ni Bibi Nyamwiza, unamjua, aliyekuwa akikuletea uji shuleni. Tukawapigia nyimbo zao. Bibi Nyamwiza akawa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama, ghafla akanyoosha kidole kwenye spika. "Huyu anayepiga vigelegele kabla ya wakati ni mimi. Nilikuwa sijui kusubiri." Mwenzake akasema hata leo hajui. Wakacheka wakataka urudiwe.

Nikawaomba radhi kwa ule uliopotea. Nilikuwa nimeandaa maneno. Bibi Nyamwiza hakunisubiri nimalize. "Huo haukupotea, mwanangu. Uliopotea ni wa kwenye mashine. Sisi bado tunapura maharage." Akatupa siku. Ni Alhamisi hii.

Kwa hiyo Alhamisi tunakwenda Kitanga, mimi na Mama. Nimekichaji kinasa sauti chako na nimekijaribu mara tatu. Na wimbo ukishapatikana nitauweka nyumba tatu: hapa, kwa Mzee Hemedi, na kwangu Kibondo, ambako nimeshanunua diski yangu. Na atakayekuja na kadi nitamwekea, bila kumuuliza jina.

Mama amekuja hapa mezani kuuliza ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia. Akakaa. Akaniambia kuna jambo sijakuandikia, na kweli lilikuwa halijafika masikioni mwangu mpaka dakika hii. Bibi Nyamwiza amemwomba Alhamisi aongoze upande wa kujibu, kwa sababu aliyekuwa akiongoza amefariki na Mama wimbo anaujua. Na Mama amekubali. Amekubali, Baba. Mwanamke aliyekuwa akikuona na kinasa sauti anaingia jikoni na kufunga mlango, aliyesema sauti yake ni ya kuitia kuku. Nimemuuliza mbona miaka yote ile alikukatalia kumrekodi. Amekwaruza doa la mezani kwa ukucha, kisha akasema, "Alikuwa akinitazama sana. Nilikuwa naona aibu."

Basi pumzika, Baba yangu, kule juu kwenye upepo wa mikaratusi. Nakuahidi Alhamisi nitasimama upande wa Mama, karibu, na kinasa sauti nitakishika kwa mikono yote miwili. Sitamtazama usoni. Nitatazama chini, kwenye maharage, mpaka amalize kuimba.

Mwanao,
Skola